Mstari Mmoja Chini

Sharon na Dennis, niliwaachia funguo za duka letu la uchapaji Ijumaa, na Jumatatu asubuhi nikajikuta nimevaa viatu, niko mlangoni. Mume wangu akaniuliza, "Unaenda wapi?" Nikavua viatu. Sasa nimekaa jikoni na daftari na kalamu, maana mashine nimewaachia nyinyi, ninawaandikia mambo ambayo sikuwahi kuwaambia. Mengine sikuyasema kwa kukosa nafasi. Moja sikulisema kwa aibu. Aibu hiyo imeisha, imebaki furaha, na kila nikilikumbuka vidole vinaniwasha kama nina kazi ya haraka.

Habari za mishahara na vyeo tuziruke. Vyeo vyangu vilikuwa viwili tu: mpiga taipu, halafu mpiga taipu mwenye duka.

Nilianza nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa, katika ofisi ya ripoti ya kituo kimoja cha utafiti wa mimea na mifugo, nje kidogo ya mji wa Kericho. Baba yangu alitoka Kisii kuja kuchuma chai, na mimi nikazaliwa kwenye nyumba za kampuni. Asubuhi ile ya kwanza alinishika mikono akaigeuza akiitazama, akasema, "Hivi vidole havina sugu hata moja. Nenda ukavitafutie kazi kabla chai haijaviona." Nikaenda mbio.

Aliyenipokea ni Mzee Okumu, karani mkuu wa ripoti, mtu wa kutoka kando ya ziwa, mrefu, mwenye miwani aliyoifunga uzi nyuma ya kichwa. Aliniita nyar Kisii, yaani binti wa Kisii kwa lugha yake, tangu siku hiyo mpaka alipostaafu. Sidhani kama aliwahi kunijua kwa jina lingine.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupiga ukurasa mmoja. Alinipa mwandiko wa daktari mmoja wa kituo, wa kalamu, na pembeni kukawa na nakala ya zamani ya ukurasa uleule, iliyokwisha kupigwa taipu. Kwa akili yangu ya shule nikafuata ile iliyopigwa. Nikamaliza haraka sana, nikampelekea huku nikitabasamu.

"Umetoa wapi haya?" akaniuliza.

"Kwa hii ya taipu, Mzee. Hii inasomeka."

"Na mwandiko wa daktari?"

"Huo haueleweki."

Aliikunja kazi yangu mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba. "Sasa imepata faida," akasema. "Sikiliza, nyar Kisii. Ukinakili nakala, unachukua makosa ya aliyekutangulia, halafu unaongeza yako. Kwa hivyo rudi kwa mwandiko. Kama huuelewi, mtafute mwenye mkono ulioandika, mwulize."

Nilirudi kwenye mwandiko. Ulinichukua siku nzima, na niligundua kwamba ile nakala iliyosomeka vizuri ilikuwa imeacha sentensi mbili kamili. Nilihisi kama nimeokota kitu cha thamani barabarani. Tangu siku hiyo nilipenda kazi hii, na mpaka leo sijui kuipenda polepole.

Nyinyi wa kompyuta hamjui stensili, kwa hivyo niwaeleze. Ilikuwa karatasi yenye nta. Unaondoa utepe wa wino kwenye taipureta, herufi zinapiga nta yenyewe, zinaitoboa. Ukikosea, unapaka dawa nyekundu yenye harufu kama ya rangi ya kucha, unapuliza, unangoja ikauke, unapiga tena juu yake. Ukimaliza unaifunga kwenye mashine ya saiklostaili, unazungusha mkono, kurasa zinatoka moja moja zikiwa na wino mbichi. Wino ule uliingia chini ya kucha, na kanisani Jumamosi, maana sisi ni Wasabato, nilikuwa naimba nimekunja ngumi. Taipureta yangu ilikuwa na herufi R iliyopanda juu kidogo ya wenzake. Niliinung'unikia miaka mingi.

Sasa nifike kwa Dokta Rono. Alikuwa mtafiti kijana wa huku huku, mwenye mwandiko kama kuku amekimbia juu ya karatasi. Alikuwa amezunguka nyumba za upande wa Ndanai akiwauliza kina mama wanatumia mimea gani kwa kazi gani. Akarudi na daftari lenye orodha mbili, moja chini ya nyingine. Ya juu ilikuwa ya miti ambayo makaa yake husuguliwa ndani ya kibuyu kabla ya kutia mursik, yale maziwa ya mala ya Wakipsigis. Ya chini ilikuwa ya mimea inayochemshwa ili ng'ombe aoshwe nayo kupe wafe. Mnaona wenyewe kwamba orodha hizo mbili hazifai kuchanganywa.

Mmea wa kwanza kwenye orodha ya kupe ulikuwa na jina refu la Kikipsigis. Jina lenyewe sitaliandika hapa, nisije nikanukuliwa vibaya. Nilishindwa kujua kama linaanza kwa B au kwa P, nikamwuliza Mzee Okumu.

Akavua miwani. "Mkisii anamwuliza Mjaluo habari za Kikipsigis. Mwite mwenyewe."

Dokta Rono akaja, akalitamka mara tatu, na mara zote tatu likatoka tofauti. Tukacheka mpaka wafagiaji wakachungulia. Mwisho akasema tuandike P, yaishe.

Alasiri hiyo nilikuwa nikipiga orodha hizo kwenye stensili mvua ya mawe ilipoanza. Mnajua inavyopiga mabati huku kwetu, hata ukipiga kelele hujisikii. Nikainua macho kutazama dirisha. Niliporudi kwenye daftari, nikapiga jina lililofuata, ambalo ni lile la P, na ndipo nikapiga kichwa cha orodha ya kupe. Kichwa kimeshuka mstari mmoja chini ya pale kilipotakiwa. Basi mmea wa kwanza wa kupe ukabaki juu ya kichwa, ukawa wa mwisho kwenye orodha ya maziwa.

Nakala zilitoka, nyingine zikatiwa kwenye bahasha zikaenda posta. Siku mbili baadaye Mzee Okumu alikuwa akisoma nakala moja sambamba na daftari, rula ikishuka mstari kwa mstari, kama desturi yake. Rula ikasimama.

"Nyar Kisii, njoo."

Nikaenda. Akaweka kidole.

"Huu ni wa kupe. Wewe umemwambia mama autie kwenye maziwa ya watoto."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Nilisikia masikio yangu yakipata moto. Tulikata vikaratasi vidogo vya masahihisho, nikavipiga kimoja kimoja, tukavibandika kwa gamu kwenye kila nakala iliyobaki. Kwa zile zilizokwenda, tulituma vikaratasi hivyo kwa posta. Nilimwuliza kama wataviweka mahali pake. "Wengine wataviweka," akasema. "Wengine watafungia karanga. Kosa likishatoka mlangoni halirudi lenyewe, wewe unalifuata tu."

Nililia kidogo siku hiyo. Halafu, niseme ukweli, nikasahau.

Miaka ikapita. Mzee Okumu akarudi kando ya ziwa kufuga kuku, Dokta Rono akaendelea na tafiti zake, ofisi ya ripoti ikafungwa kwa sababu kila mtu sasa alikuwa na kompyuta yake ya kukosea nayo. Mimi nikafungua duka pale mjini, ghorofa ya kwanza, ngazi mnazozijua. Wanafunzi wa vyuo wakaanza kunijia na tasnifu zao, na hapo nikakutana na marejeleo.

Nilijifundisha mwenyewe. Nilipenda kurasa zile za mwisho kuliko zote, maana kwangu zilikuwa kama orodha ya wageni wa harusi: unajua nani alialikwa, nani alikuja, na nani ametajwa tu ili ionekane familia ni kubwa. Mwanafunzi mmoja aliniletea marejeleo kurasa sita. Nilipomwuliza amesoma vitabu vingapi kati ya hivyo, akaniuliza kama hilo pia ni sharti la chuo.

Kanuni mnaijua, lakini niirudie, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoanguka. Ukisoma maneno ya mtu ndani ya kitabu cha mwingine, wewe hujamsoma mtu huyo. Umemsikia kwa jirani yake. Kwa hivyo unaandika kwamba amenukuliwa katika kitabu cha huyo jirani, na kwenye marejeleo unamweka jirani, maana huyo ndiye uliyemsoma. Lakini kwanza, kabla ya kuandika hayo, nyanyuka ukamtafute mwenyewe. Mara nyingi yupo. Mara nyingi yuko rafu ya pili kutoka juu, anangojea tu mtu wa kumpangusa vumbi.

Sasa kesi yenyewe. Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya nyinyi wawili kuja.

Jumatatu moja mchana aliingia msichana mwembamba, koti limelowa, amekumbatia mfuko wa plastiki kama mtoto mchanga. Alikuwa Chepkirui, mzaliwa wa Ndanai, anasomea shahada ya pili ya sayansi ya chakula.

"Madam Yunuke, nimetumwa kwako. Wamesema wewe ndiye mwenye marejeleo."

Ndani ya mfuko mlikuwa na pendekezo lake la utafiti. Alitaka kulinganisha ladha ya mursik kwa makaa ya miti tofauti. Mti wa senetwet kila mtu anaujua, akaniambia, sasa yeye anataka ile ambayo watu wameisahau. Macho yake yalikuwa yanawaka. Siku ya Alhamisi angesimama mbele ya jopo la walimu. Wiki iliyofuata angewapa watu waonje. Alikuwa ameshakata matawi, ameshayakausha na kuyachoma, na vibuyu vilikuwa tayari chuoni.

Nikaanza kupiga orodha ya miti yake. Nikafika kwenye jina refu.

"Hili ni kwa B ama kwa P?" nikamwuliza.

Akalitamka. Nikamwomba arudie. Akarudia, na safari hii likatoka lingine.

Mikono yangu ikabaki hewani. Nilikuwa nimeshauliza swali hili. Nilikuwa nimeshalisikia jina hili likibadilika mdomoni mwa mtu, nikacheka nalo, nikaliandika. Yote yakanirudia kwa mkupuo, mvua ya mawe, rula iliyosimama, kidole cha Mzee Okumu.

"Huu mmea si wa maziwa," nikasema.

"Ati?"

"Ni wa kupe. Unachemshwa, unaosha ng'ombe."

Akacheka kwa adabu, vile vijana wanavyomchekea mtu mzima aliyepotoka. "Lakini Madam, imeandikwa. Na si mtu mmoja. Ni watu watano."

"Hao watano wametoa wapi?"

Alikuwa na nakala zao zote, hilo nampa pongezi. Tulizipanga mezani. Wa tano alikuwa ametoa kwa wa nne. Wa nne kwa wa tatu. Wa tatu na wa pili walikuwa wametoa kwenye kitabu kimoja, ambacho ndicho cha kwanza, na kitabu hicho kilimtaja Rono. Watu watano walikuwa mtu mmoja aliyevaa makoti matano.

"Na wewe umemsoma Rono?"

Akatazama viatu vyake. "Ripoti yake haipatikani. Nimemtoa kwa huyu wa nne."

"Mbona umemwandika moja kwa moja, kama mtu mliyekunywa chai pamoja?"

"Aki Madam, watu wote hufanya hivyo. Ukiandika 'amenukuliwa katika' unaonekana mvivu."

"Na usipoandika unakuwa mwongo. Chagua."

Akaanza kuzikusanya nakala zake. Halafu akainua kichwa. "Wewe umejuaje ni wa kupe?"

Ningeweza kusema nimesikia tu. Ningeweza kusema mume wangu alifuga ng'ombe. "Kwa sababu ni mimi nilikosea," nikamwambia. "Nilipiga ile ripoti. Kichwa kikashuka mstari mmoja."

Nilipomweleza yote, akakaa chini. Mimi nami nikazichukua zile tasnifu, maana jambo lingine lilikuwa linanichoma. Nikafungua kurasa za shukrani. Mbili kati yake zilinitaja kwa jina la duka, kwa uchapaji safi. Yaani nilikuwa nimelipiga kosa langu mwenyewe tena, kwa kompyuta, na nikashukuriwa kwa hilo.

Chepkirui akampigia simu nyanya yake, kogo kwa lugha yao, akaweka sauti juu. Waliongea Kikipsigis, changu mimi ni cha sokoni, kinaishia kwenye bei ya kabeji. Lakini kicheko hakihitaji kutafsiriwa. Mama yule alicheka mpaka simu ikakwaruza.

"Kogo anasema nini?" nikauliza.

"Anauliza kama nataka kuua kupe walio tumboni mwa wageni."

"Na mbona hukumwuliza yeye kwanza?"

"Nilifikiri," akasema polepole, "nilifikiri yeye si chanzo."

Msimamizi wake alipopigiwa alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa haki. Akasimamisha kuonja papo hapo. Halafu akasema, "Nyanya yako ni chanzo, mwandike. Lakini una maandishi matano na ripoti moja yanayosema kinyume. Jopo litataka kujua nani alikosea, na wapi. Siwezi kuwapelekea neno la mama wa taipu peke yake. Nileteeni karatasi."

Mama wa taipu! Nilisikia damu ikinipanda, na wala haikuwa hasira. Ilikuwa ile hali ya kutoka mbio asubuhi ya kwanza ya kazi. Nikafunga duka.

Jumanne tulikuwa kwenye maktaba ya kile kituo. Mkutubi alienda ndani akakaa sana, akarudi na ripoti imefungwa kwa uzi. Nikaijua kabla sijasoma neno. R zote zilikuwa zimepanda juu kidogo, zimejipanga kama watoto wanaochungulia ukutani. Nikazigusa. Miaka yote ile nilizitukana, na sasa nilitaka kuzisalimia.

Chepkirui akafungua ukurasa wa orodha. Akasoma. Akanigeukia, sauti imepungua.

"Madam, hapa imeandikwa ni ya maziwa."

Nikatazama. Kweli. Kichwa kilikuwa mstari mmoja chini, na kikaratasi cha masahihisho hakikuwepo. Ilikuwa ripoti yenyewe, chanzo chenyewe, na ilikuwa imekosea kama wote waliofuata. Nilianza kujiuliza kama nimeota. Mtu wa umri wangu anaweza kuota.

Halafu nikainamisha ukurasa kwenye mwanga wa dirisha. Pale kando ya mstari kulikuwa na alama ya pembe nne, ya kahawia, inang'aa kidogo.

"Gamu!" nikapiga kelele. "Chepkirui, hii ni gamu yangu! Kilibandikwa, kikaanguka!"

Mkutubi akatuomba tukumbuke tuko wapi. Chepkirui alikuwa amenishika mkono kwa nguvu, lakini uso wake ulikuwa bado unafikiri.

"Lakini doa la gamu siwezi kulinukuu."

Alikuwa sawa. Na hapo, Sharon na Dennis, nikaelewa jambo ambalo Mzee Okumu alinifundisha siku ya kwanza na mimi nikalichukua nusu. Ripoti si mwisho wa njia. Nyuma ya ripoti kuna mwandiko.

Dokta Rono alikuwa ameshafariki. Mkutubi alijua kwao, Sigowet, na Jumatano tulikuwa kwa mjane wake. Mama Rono ni mwalimu mstaafu, anaongea kama anaandika ubaoni. Tulieleza shida yetu, mimi nikajieleza mimi ni nani na nilifanya nini.

"Wengi wamemtaja mume wangu," akasema. "Nyinyi ndio wa kwanza kuja kumsoma."

Akatuonyesha sanduku la bati chumbani. Daftari zilikuwa zimefungwa kwa vitambaa, moja moja. Ilichukua asubuhi nzima, kwa sababu Chepkirui hakuweza kuusoma ule mwandiko hata kidogo, na mimi nilikuwa nausoma kama gazeti. Nilikuwa nimeupiga miaka kumi na mbili. Nilimsomea kwa sauti, kurasa za Ndanai, majina ya mabonde na vijito, na yeye akawa anaruka: "Hapo ni karibu na kwetu! Hapo napajua!"

Tukafika. Orodha mbili, vichwa viwili, kila kimoja mahali pake. Jina refu lilikuwa chini ya kichwa cha kupe, la kwanza kabisa. Na kando yake, kwa wino mwekundu, Dokta Rono alikuwa ameandika kwamba ripoti ilikosewa katika mstari huu wakati wa kuchapa na kwamba imesahihishwa. Chini ya maneno hayo alikuwa amebandika kikaratasi changu. R zimepanda juu.

Jina langu hakuliweka. Aliandika tu "kosa la uchapaji". Mtu mwingine angeliweka.

Sikumbuki nani alianza. Najua tu kwamba tulikuwa tumesimama, Chepkirui anaruka na kunizungusha, mimi mwanamke wa wajukuu wanne, na Mama Rono yuko mlangoni na birika la chai anasema, "Taratibu, taratibu, hiyo sakafu ni ya mbao." Halafu yeye mwenyewe akaweka birika chini, akaja akashika daftari, akauliza ni neno gani tulilolipata. Nikamsomea. Akalisikiliza kama barua iliyochelewa kufika.

Daftari hatukulichukua. Tulipiga picha jalada, ukurasa mzima, na kikaratasi kwa karibu, na tukaandika limehifadhiwa kwa nani na tumelisoma siku gani. Fanyeni hivyo kila mara. Picha ya mstari bila jalada ni kama mtoto aliyepotea sokoni.

Alhamisi nilivaa suti yangu ya kanisani nikaenda chuoni. Jopo lilikuwa la watu wanne. Chepkirui alisimama, akaonyesha picha moja baada ya nyingine: tasnifu, kitabu, ripoti, doa la gamu, daftari. Alisema pia neno la nyanya yake, kwa jina lake kamili na mahali anapoishi. Mwenyekiti, profesa mwenye mvi, akauliza, "Na huyu aliyekosea kuchapa, tunamjua?"

Chepkirui akanitazama. Hakunisukuma. Nikasimama.

"Ni mimi. Nilikosea kwa stensili, nikasahihisha, halafu wanafunzi wakaniletea kosa langu na sikulitambua. Nimelipiga tena kwa kompyuta kwenye tasnifu mbili ninazozijua. Nimekuja kulichukua."

Profesa akageuza ukurasa wa marejeleo, akakaza macho, akavuta karatasi karibu.

"Huyu wa pili katika orodha yako," akamwambia Chepkirui, "ni mimi."

Akaweka kidole kwenye mstari huo.

"Nimemwandika Rono hapa moja kwa moja. Sijawahi kuiona ripoti hiyo. Niliitoa kwenye kitabu." Akanigeukia. "Mama, hii tasnifu ulinichapia wewe?"

"Ndiyo, Profesa. Ulinishukuru ukurasa wa tatu."

Akaanza kucheka, wenzake wakafuata, na mimi nikakaa. Chepkirui alipita. Profesa alisema yeye mwenyewe ataiandikia maktaba ya chuo kuhusu tasnifu yake, na nasikia aliandika. Wiki iliyofuata nilirudi kwenye ile maktaba ya kituo nikiwa na kikaratasi kipya na gamu mpya, mkutubi akanishikia ukurasa. Kuhusu kuonja, kulifanyika kwa senetwet na miti mingine ambayo nyanya aliitaja mwenyewe, akiwa ameketi pale mbele kama mgeni wa heshima. Nilikunywa vikombe viwili.

Chepkirui alirudi dukani na tasnifu iliyokamilika miezi mingi baadaye. Tulishuka kwenye marejeleo na maelezo ya vyanzo pamoja, kila jina. Daftari la Rono lilikuwemo, limeandikwa lipo wapi. Nyanya alikuwemo. Tulipofika mwisho akasema, "Bado mmoja. Wewe nakuandika vipi?"

"Mimi wa nini?"

"Wewe ndiye uliyeniambia. Mazungumzo ya ana kwa ana. Piga jina lako, Madam."

Nikapiga jina langu la mwisho, Moraa, nikatia mkato, vidole vikasimama. Chepkirui aliona nimekwama, akaniomba kitambulisho, nikampa.

"Hapa wameandika Eunice," akasema. "Tufuate hii?"

Nikafikiria. Karani wa vitambulisho alitoa kwenye cheti cha shule. Mwalimu alitoa kwenye kadi ya kliniki. Mama alisema Yunuke, na wa kliniki akasikia alichotaka kusikia.

"Achana nacho," nikamwambia. "Hicho kimenukuu tu."

Nikapiga Y.